Hotipoti Hairudi Tupu

Jumamosi ile nilisimama kwenye feri nimekumbatia hotipoti ya mbaazi za nazi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Kishikio kimoja cha mfuniko kimevunjika tangu enzi za Bibi, kwa hivyo Shangazi alikuwa ameukaza kwa ukanda wa leso kuukuu, mafundo mawili, akaniambia nisiiinamishe. Mahamri yalikuwa kwenye mfuko wa pembeni. Mbele yangu mkokoteni wa vitunguu, nyuma yangu kijana na baiskeli, usukani wake ukinidunga kiunoni kila feri ilipotikisika. Tulipofika katikati ya mkondo nikahisi joto kwenye kiwiko. Mchuzi ulikuwa umepenya, unaingia kwenye mkono wa buibui langu.

Nilikuwa nampelekea Ami, ndugu wa babangu, Likoni.

Ami aliyekula kodi ya nyumba ya mamake kwa miaka mitatu.

Kabla ya kutoka nilimuuliza Shangazi: kwani Ami hawezi kula kwake? Shangazi hakuinua hata uso. "Ami yako hajui kutia nazi," akasema. Basi, hilo ndilo lililokuwa jibu. Nami nikatoka na hotipoti, nikapanda tuktuki mpaka Feri, na njia nzima nikawa najiuliza swali ambalo halijaniacha tangu siku hiyo: hivi sisi ni watu gani?

Tunagawana kuta

Bibi alifariki mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Aliacha nyumba moja Majengo. Mlio wa Mombasa mnaijua bila mimi kuichora: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani nyuma. Chumba kimoja akilala yeye, kimoja Shangazi, vinne vya wapangaji.

Ardhi si yetu. Nyumba ni yetu, lakini ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe, na kila mwezi mwenyewe hupelekewa kodi yake. Hii nayo ni Mombasa. Ukitaka kujua mizizi yake, mingi inarudi kwenye sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, waliojiandikisha wakaandikishwa, wasiojiandikisha wajukuu wao wanalipa mpaka leo. Sitaki kuingia huko, nisije nikatoka kesho. Nasema tu kwamba tulipokaa kugawana mirathi tulikuwa tunagawana kuta na mabati.

Na hata hizo kuta zilitutosha kutotazamana usoni.

Warithi walikuwa watatu. Ami, ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Shangazi, aliyekaa na Bibi na kumuuguza mpaka mwisho. Na Shangazi mdogo, aliye Muscat, ambaye siku ya kikao alikuwa ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye birika la kahawa, mara sauti ipo, mara picha imeganda akiwa amefumba jicho moja. Sheikh wa mtaa alikuja. Mimi niliitwa niwe karani, kwa sababu kazi yangu ni hesabu, kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha.

Nilikuja na kalamu, kalkuleta na hasira.

Nusu ya mwizi

Hesabu ilikuwa hivi. Vyumba vinne, kila kimoja Sh 3,500 kwa mwezi. Hiyo ni 14,000. Ami ndiye aliyekuwa akikusanya, kwa miezi 36, kwa sababu Bibi miguu ilikuwa haimwezi na Shangazi hakuweza kumwacha. Jumla 504,000. Alizompa Bibi, kwa mujibu wa daftari la Bibi mwenyewe, ni 5,000 kila mwezi, yaani 180,000. Kodi ya ardhi na mabati ya upande wa uwani, 96,000, risiti zipo. Nikabonyeza kalkuleta mbele ya wote.

228,000.

Hakuna aliyesema neno. Ami alikuwa anaukwaruza ukucha wa kidole gumba kwa ukucha mwingine. Nilimngojea akane. Nilitaka akane, nilikuwa nimejipanga. Hakukana. Alisema, "Ndizo," kama mtu aliyeulizwa idadi ya watoto wake.

Sheikh akauliza kama ana namna ya kuzirudisha. Kisha akaeleza jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Anachodaiwa mtu na marehemu ni sehemu ya mali ya marehemu. Huingia kwenye tirka, kikagawanywa kama kinavyogawanywa kitu kingine chochote. Na mgao, Mola ameshaugawa mwenyewe katika Suratun Nisaa: wa kiume fungu la wa kike wawili. Mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili ni mafungu manne. Ami mawili, mashangazi moja moja.

Kwa hivyo katika zile 228,000, nusu ni za Ami mwenyewe.

Nilirudia hesabu mara mbili. 114,000 ni zake. Anazodaiwa kweli ni 57,000 kwa dada huyu na 57,000 kwa dada yule. Na Ami, wallahi, akacheka. Cheko la puani, fupi. "Basi nusu n'lijiibia mwenyewe."

Na Shangazi naye akacheka.

Hilo ndilo sikumsamehe mtu yeyote siku hiyo. Si pesa. Ni kile kicheko, cha watu wawili waliolala mkeka mmoja utotoni, na mimi na kalkuleta yangu tuko nje ya mlango.

Shangazi mdogo akasema kutoka Muscat kwamba amesamehe zake, duniani na akhera, kisha simu ikakatika. Tukamgeukia Shangazi. Akajifunga mtandio vizuri. "Mimi sikusamehe," akasema. "Elfu tatu kwa mwezi. Miezi kumi na tisa." Ami akaitika kwa kichwa. Likaandikwa. Halafu Shangazi akainuka kwenda kupakua pilau, na nikamsikia kutoka jikoni akihesabu watu wa sinia kwa sauti, kama alivyozoea. Akamhesabu Ami. Akanihesabu mimi.

Mimi si mrithi

Kuna jambo nimelipitia juu juu na sina budi kulirudia.

Babangu alikuwa mwana mkubwa wa Bibi. Alikufa nikiwa darasa la sita. Katika mirathi ya Kiislamu, mjukuu aliyefiwa na baba hapati kitu ikiwa yuko mtoto wa kiume wa marehemu aliye hai. Huyo humzuia. Aliyenizuia mimi ni Ami.

Nilimsimulia mwenzangu wa kazini, ni mtu wa bara, akashangaa. Kwao, chini ya Sheria ya Urithi, fungu la babangu lingeniangukia mimi. Nikamwambia Waislamu walitolewa kwenye sheria hiyo mwaka 1990, na mambo yetu ya mirathi tunaweza kuyapeleka kwa Kadhi, Katiba ya 2010 imempa nafasi yake katika ibara ya 170. "Sasa wewe unasemaje?" akaniuliza. Sikuwa na la kusema. Sheria ya Mola siigombi, na aliyeshiba dini anajua kwamba mlango ulikuwapo: Bibi angeweza kuniusia mpaka thuluthi ya mali yake, maana mimi si mrithi, na asiye mrithi ndiye anayeusiwa.

Hakuniusia.

Hapo ndipo penye mwiba wenyewe. Ami na kodi zake vilikuwa kama pazia nililolitundika mbele ya jambo hili. Bibi, aliyenilea mwaka mzima babangu alipokufa, aliyenifundisha kusuka mkeka na kumenya kitunguu bila kulia, alipata miaka mingi ya kusema sentensi moja mbele ya mashahidi wawili na hakuisema.

Wiki nzima nilitembea na hilo. Kazini nikakosea hesabu ya kontena.

Daftari

Kwenye kikao nilikuwa nimesoma tarakimu tu. Daftari la Bibi ni lile la shule, la kurasa 96, jalada la buluu, na ameandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama walivyofunzwa wanawake wengi wa rika lake. Tarakimu zinasomeka haraka. Maneno ni shughuli. Mimi chuoni niliishia kusoma Qur'ani yenye irabu zake, na Bibi irabu hakuweka hata moja. Unasoma "k" na "y" halafu unakaa unafikiri.

Lakini baada ya ile safari ya kwanza ya hotipoti, usingizi haukuja. Nikalichukua daftari nikaanza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari kama mtoto wa Juzuu Amma.

Kumbe halikuwa daftari la kodi. Kodi ilikuwamo tu.

Lilikuwa daftari la nani amekuja.

*Mwana kaya,* ameandika, yaani kaja, kwa Kimvita chake, na tarehe ya mfungo pembeni. *Mwana kaya kaleta 5.* *Mwana kaya kanikata kucha.* *Mwana kaya kalala ukumbini mpaka alasiri.* Mwana ni Ami. Ukurasa baada ya ukurasa. Mimi ni mtu wa hesabu, basi nilihesabu. Kwa ile miaka mitatu, Ami alikuja mara 131.

Nikajitetea haraka: alikuwa anafuata kodi. Nikazitoa 36 za kodi.

Zikabaki 95.

Kisha nikajitafuta. Nilijipata. Bibi ananiita *mwana wa marehemu*, na sikujua kwamba hilo ndilo jina langu humo. Mara 7. Miaka mitatu, mara 7, nami nakaa Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali tu. Moja kati ya hizo ameandika hivi: *Mwana wa marehemu kaya. Kakaa kidogo. Kaleta maziwa ya kopo.*

Kakaa kidogo.

Naikumbuka siku hiyo. Niliacha matatu imesubiri upande wa barabara, konda ni jirani yangu, nikamwambia dakika mbili.

Mnaweza kudhani hapa ndipo nilipomsamehe Ami. La. Nilizidi kukasirika, maana nikaufikia mstari mwingine, mwaka wa pili, Mfungo Tatu: *Kaleta 5. Zilobaki azijua yeye na Mola wake.* Bibi alikuwa anajua. Alijua, akaandika, akafunga daftari. Na mwezi huohuo, nilivyokuja kuambiwa na jirani, Shangazi aliuza vipuli vyake vya dhahabu kulipia dawa za presha zilizokuwa zikichukuliwa kwa deni. Mama alimsitiri mwanawe wa kiume kwa vipuli vya binti yake. Nani kati ya hawa niliyekuwa nampenda kwa sababu hana dosari?

Halafu, karibu na alfajiri, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona mwanzo. Nikarudi ukurasa wa kwanza kuhakikisha. Jina la Shangazi halimo. Hata mara moja.

Mbuzi wa nazi

Nilimkuta uwani, ameketi juu ya mbuzi, anakuna. Nikamsomea. Nilipofika pa kucha akatabasamu. Nilipofika pa zilobaki hakufanya lolote, mkono ukaendelea kuzungusha kifuu.

"Shangazi, wewe humo," nikasema. "Miaka mitatu yote. Hakukuandika."

"Angeniandika vipi? Sikuondoka."

Nikanyamaza. Akakigonga kifuu kwenye ukingo wa sinia, akachukua kingine.

"Wewe umo mara ngapi?"

"Saba."

"Mimi n'lihesabu sita."

Huyo ndiye Shangazi. Msije mkamfanya walii kwa sababu ya mbaazi. Ana ulimi wa kuchuna ngozi, na wake wawili wa Ami waliondoka Mombasa wakiwa na la kusema juu yake. Mpangaji mmoja alihama kwa sababu ya maneno yake kuhusu namna ya kuanika nguo. Nikamuuliza lile swali langu la feri, kwa nini anampikia mtu ambaye hajamsamehe. Akanijibu kama ninayepoteza wakati wake: "Namdai pesa. Simdai tumbo."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani wiki nyingi na bado lina mahali linanikera. Rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba hivyo ndivyo familia zinavyofuga wezi, na siku zote mpishi wa msamaha ni mwanamke. Ana haki. Vipuli havikurudi. Hakuna aliyemwomba Shangazi radhi, kwetu radhi haiombwi kwa mdomo, tunaelea elea pembeni mwake mpaka Idi ifike. Nikiwa na binti, sitamfunza kuuza vipuli vyake.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu ndio ulionikosesha usingizi. Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi jembe nililichukua mbio. Nililima. Nilibonyeza kalkuleta mbele ya sheikh, nikalima mpaka jioni, na nilipoinua kichwa nikawaona wenye ugomvi wao wanacheka sebuleni, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado shambani, nimesahau hata kuja na kapu.

Na kuna hili la mafungu. Nilidhani mgao ule unanitoa. Siku zilivyopita nikaanza kuona kitu kingine ndani yake: haukuuliza nani mwema. Ami hakupata mawili kwa kukata kucha, wala hakunyimwa kwa kula kodi. Shangazi mdogo aliye Muscat, ambaye hakuja hata kwenye arubaini, alipata sawasawa na aliyefua mashuka. Mara ya kwanza niliuona ukali huo kama dhuluma. Sasa sijui. Nikipima kwa wema, mimi wa mara 7, mimi wa maziwa ya kopo, ningekaa wapi kwenye sinia lile? Shangazi alihesabu watu kutoka jikoni na hakuuliza kalkuleta yangu. Yeye aliyekuwa na haki ya kutoa mtu, hakumtoa mtu.

Sijapata jina la kitu hicho. Si msamaha, maana hakusamehe.

Mwezi wa nne

Hotipoti sasa ni kazi yangu, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mnajua ada: chombo cha watu hakirudi kitupu. Mwezi wa kwanza Ami aliiosha, akaipangusa, akaniwekea Sh 3,000 ndani ya nailoni. Mwezi wa pili, 3,000. Mwezi wa tatu 1,500 na mkungu mdogo wa ndizi za kisukari. Yote naandika. Nimeanza daftari jingine, nami sikuweka tarakimu tu.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kibarazani kwake, kofia mapajani, anashona ukingo. Akaipokea hotipoti kwa mikono miwili. Akalitazama fundo. "Bado afunga kushoto," akasema, mwenyewe kwa mwenyewe, na akalifungua bila kuhangaika, kama mtu aliyewahi kufungua mafundo hayo mara nyingi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Hakuniamini, akanikatia hamri nusu.

Tulikula bila mazungumzo. Feri ilipiga honi mara mbili. Nilimuuliza, sijui kwa nini siku hiyo, kama Bibi alipenda zikatwe fupi, zile kucha.

"Za miguu tu," akasema. "Za mikono alitaka zibakie kidogo. Kwa ajili ya kukunia mgongo."

Nilipoondoka akaenda nyuma ya nyumba, akakawia. Akarudi na hotipoti imefungwa tayari. Ilikuwa nzito kuliko siku zote. Sikuifungua njiani.

Shangazi ndiye aliyeifungua, uwani, ameipakata. Harufu ikatoka kabla ya kitu chenyewe. Ndimu, za mti wake, mbili zikiwa bado na majani. Akazitoa moja moja akaziweka kwenye ungo. Akapapasa chini, akapapasa tena na upande wa pili.

"Kumi na moja," akasema. "Mwezi huu hana."

"Niache wazi?"

"Uache wazi kwa nini? Andika. Mwezi wa nne, ndimu kumi na moja."

Nikaandika. Nikamuuliza nizitie bei gani, ya Marikiti au ya Kongowea, ili nijue kimebaki kiasi gani. Lakini alikuwa ameshachukua kisu.